Gazeti na Juri: Kesi ya Daktari Sheppard

Wahenga walinena, "Lisemwalo lipo, ikiwa halipo, laja." Neno hili lafaa barazani, lakini mahakamani lina hatari, maana huko mtu huhukumiwa kwa lililothibitishwa, wala si kwa lililosemwa. Mwaka 1791 haki mbili ziliingizwa pamoja katika Katiba ya Marekani: uhuru wa magazeti, na haki ya mshtakiwa kuhukumiwa na juri isiyopendelea. Katiba haikueleza ipi itangulie zikigongana.

Mgongano huo ulidhihirika katika jimbo la Ohio. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1954, Marilyn Sheppard aliuawa nyumbani kwake huko Bay Village, karibu na Cleveland. Mumewe, Daktari Sam Sheppard, alisema kwamba alipambana na mtu asiyemjua. Gazeti la Cleveland Press halikungoja ushahidi ukamilike. Tarehe 21 Julai lilidai uchunguzi wa hadhara. Kesho yake ukafunguliwa katika ukumbi wa shule, mbele ya wapiga picha. Tarehe 30 Julai liliuliza kwa nini daktari huyo hajatiwa gerezani. Usiku ule ule akakamatwa.

Hata kesi ilipoanza mwezi wa Oktoba, mambo hayakutulia. Majina na anwani za watu 75 walioitwa ili juri ichaguliwe miongoni mwao yalichapishwa, nao wakaletewa barua na simu. Meza ya waandishi iliwekwa karibu mno na mshtakiwa, hata ikawa vigumu kwake kunong'ona na wakili wake. Jaji na kiongozi wa mashtaka wote wawili walikuwa wagombea katika uchaguzi wa Novemba. Kesi ilipokuwa ikisikizwa, wajumbe wa juri walirudi makwao kila jioni, ambako magazeti na redio viliwangoja. Tarehe 21 Desemba Sheppard alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Tarehe 6 Juni 1966 Mahakama ya Juu iliitangua hukumu hiyo, majaji 8 kwa 1. Jaji Tom Clark, aliyeandika uamuzi, hakuyafunga magazeti kinywa. Lawama aliielekeza kwa jaji wa kesi: ilimpasa kuwatawala waandishi mahakamani, kuwazuia polisi, mashahidi na mawakili wasipayuke nje, kuitenga juri, na ikibidi kuihamisha kesi. Miaka 10 baadaye, katika shauri la Nebraska, mahakama hiyo hiyo ilikataa amri ya kuyazuia magazeti yasiandike habari za kesi.

Hivyo mizani ilipatikana: gazeti na liseme, lakini jaji na ailinde juri yake. Mwezi wa Novemba 1966 juri ya pili ilimwachilia Sheppard, aliyekwisha kukaa gerezani karibu miaka 10. Alifariki mwaka 1970. Kama juri ya kwanza iliamua kwa ushahidi ama kwa uvumi, hakuna awezaye kulithibitisha. Na shaka hiyo ndiyo hasara iliyobaki.