WiFi inasuasua kwenye nyumba ya kupanga? Fanya haya kabla ya kuongeza bando

Umelipia bando la mwezi, ruta iko sebuleni na taa zake zinawaka. Ukikaa karibu nayo, video inacheza vizuri. Ukiingia chumba cha nyuma, kiduara kinazunguka tu mpaka unakata tamaa. Wengi wakifika hapo huongeza bando au hununua kifaa kipya, na mara nyingi fedha hiyo hupotea bure kwa sababu tatizo halikuwa bando. Kwa mpangaji kuna ugumu mwingine: nyumba si yake, hawezi kutoboa ukuta wala kufunga antena juu ya paa bila ruhusa.

Habari njema ni kwamba marekebisho mengi hayahitaji fedha wala tundu ukutani.

Tatizo liko wapi?

Ruta inayotumia laini ya simu ina kazi mbili. Kwanza hupokea intaneti kutoka kwenye mnara. Pili, huigawa ndani ya nyumba kwa njia ya WiFi. Alama ya WiFi kwenye simu yako huonyesha hiyo kazi ya pili tu. Ndiyo maana alama inaweza kujaa na bado ukurasa usifunguke.

Pima hivi. Zima data ya simu, ubaki na WiFi peke yake. Simama kama mita 2 kutoka kwenye ruta, ufungue video fupi. Kisha nenda chumba chenye shida ufungue video nyingine, si ileile, kwani simu huenda imeshaihifadhi.

Kama kuna uzito hata ukiwa karibu na ruta, tatizo ni intaneti inayoingia, au bando limekwisha. Kama karibu ni sawa na mbali ni shida, tatizo ni WiFi ndani ya nyumba. Rudia kupima asubuhi na jioni, maana jioni watu wengi hutumia mnara mmoja na kasi hushuka. Programu za kupima kasi zipo, lakini nazo hula bando.

Kama intaneti haiingii vizuri

Paa la bati na kuta nene huzuia mawimbi ya mnara. Sogeza ruta dirishani, upande ulioko mnara. Subiri dakika 2 au 3, kisha angalia taa ya mtandao na upime tena. Jaribu madirisha yote kabla ya kuamua. Anayetumia hotspoti ya simu afanye vivyo hivyo: simu inayogawa intaneti ikae dirishani, isikae mfukoni.

Ukitaka kuhamia mtandao mwingine, usinunue kwanza. Mwombe jirani mwenye laini ya mtandao huo ajaribu simu yake palepale dirishani kwako. Uliza pia kama ruta yako inakubali laini nyingine, kwani baadhi zimefungwa zitumie mtandao mmoja tu.

Kama WiFi haifiki vyumbani

Mawimbi ya WiFi hupungua nguvu kila yanapopita ukuta. Tofali za saruji na zege lenye nondo huyapunguza sana. Bati, friji, kioo cha kujitazamia na tanki la maji ni vizuizi vibaya zaidi.

Kwa hiyo usiweke ruta sakafuni, kabatini wala nyuma ya televisheni. Iweke mahali pa wazi, juu kidogo, kama mita 1 na nusu kutoka chini, na karibu na katikati ya nyumba. Ikiwa intaneti inapatikana dirishani tu, chagua dirisha, kwa sababu bila intaneti hakuna cha kugawa. Hapo tafuta dirisha ambalo mlango wa chumba unaelekea ukumbini, na uuache wazi unapotumia.

Ruta nyingi za sasa hutoa WiFi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi. Ya 5 ina kasi kubwa lakini huchoka upesi. Chumba cha mbali tumia 2.4. Jina la WiFi likiwa na herufi "5G" mwishoni, kwa kawaida maana yake ni gigahezi 5, wala si 5G ya mnara.

Kwenye nyumba ya vyumba vingi, ruta za majirani huweza kugongana. Anwani ya kufungua mipangilio imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiwa humo, kwa WiFi ya 2.4 jaribu chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo haziingiliani. Badilisha pia nenosiri. Huenda bando linaliwa na watu uliowapa zamani ukasahau.

Ikiwa bado haifiki, kuna ripita, kifaa kinachopokea WiFi na kuirusha mbele. Usikiweke kwenye chumba chenye shida. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo WiFi bado ni nzuri. Ripita za bei nafuu hupunguza kasi, wakati mwingine kwa nusu. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kifaa cha pili hufanya kazi vizuri zaidi, na unaweza kufika mita 100. Upitishe chini ya mlango au pembeni mwa ukuta, bila kutoboa.

Zungumza na mwenye nyumba

Ukilazimika kutoboa au kusimika antena nje, omba ruhusa kwanza. Andikianeni mambo matatu: tundu litapita wapi, nani ataliziba siku ya kuhama, na kifaa ni mali ya nani. Karatasi moja yenye sahihi huokoa ugomvi wa amana. Mvua ya radi ikianza, chomoa ruta kwenye umeme, pamoja na waya wa antena.

Tahadhari pia na vifaa vinavyouzwa kwa madai ya kuongeza nguvu ya mnara. Hapa Tanzania vifaa vya mawasiliano vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na TCRA, na kifaa kibovu kinaweza kuharibu mtandao wa majirani.

Basi msikilizaji, anza kwa kupima, kisha hamisha ruta, kisha badilisha mipangilio. Dukani uende mwisho, ukiwa unajua unachokwenda kununua.