Uchipuaji wa mimea ya savana baada ya moto na malisho

Uchipuaji wa mimea ya savana ni uwezo wa nyasi, vichaka na miti ya nyika kuota upya kutoka sehemu zilizobaki hai baada ya kuungua, kukatwa au kuliwa na wanyama. Katika Afrika Mashariki na ya Kati jambo hili huonekana kila mwaka, kuanzia mbuga za Serengeti na Maasai Mara hadi miombo ya Tabora, Katavi, Lindi, Zambia na Katanga. Mbuga iliyoungua Julai humfanya mgeni adhani kila kitu kimekufa. Kwa kweli, kilichoteketea kwa sehemu kubwa ni majani makavu ambayo mmea ulikwisha kuondoa virutubisho vyake na kuvihifadhi chini. Uhai wa savana uko kwenye vitako vya nyasi, visiki na mizizi, na huko ndiko anakopaswa kuangalia mfugaji, mhifadhi au mchoma mkaa kabla ya kusema ardhi fulani imekwisha.

Nyasi

Nyasi haikui kwa ncha. Sehemu inayorefusha jani iko kwenye kitako chake, na macho ya machipukizi mapya yamefichwa ndani ya maganda ya majani ya zamani, usawa wa ardhi au chini yake kidogo. Nyumbu au ng'ombe akilikata jani kwa juu, jani huendelea kusukumwa kutoka chini. Moto nao hupita haraka. Hewani, katikati ya majani, joto huweza kuzidi nyuzi 300 za Selsiasi kwa muda mfupi, lakini sentimita mbili ndani ya udongo hupanda kidogo tu, kiasi ambacho mizizi hukistahimili bila taabu.

Nyasi iliyochunguzwa zaidi ni Themeda triandra, inayotambulika kwa masuke yaliyoinama yenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Huota kutoka Afrika Kusini hadi Ethiopia, na pia Asia na Australia. Ukiinama na kulipanua fungu lake wiki mbili baada ya moto, utaona vikonyo vyeusi vilivyokatika karibu na ardhi, jivu likiwa limeshikana katikati yake, na kati ya vikonyo hivyo ncha za kijani zilizobapa, nyingine ndefu kuliko ukucha. Mara nyingi huchomoza hata kabla ya mvua, kwa nguvu ya akiba ya wanga na unyevu uliobaki ardhini. Majani hayo machanga yana protini nyingi kuliko makavu, na ndiyo sababu swala tomi, kongoni na nyumbu hukusanyika kwenye maeneo yaliyoungua. Wafugaji wa Kimaasai walilijua hilo vizazi vingi kabla halijaandikwa, wakachoma malisho ili kupata majani mapya na kupunguza kupe.

Themeda ikikingwa na moto na malisho kwa miaka mingi haistawi, bali hudhoofika. Majani makuukuu hurundikana, hulinyima fungu mwanga, na katikati yake hufa. Majaribio ya muda mrefu katika nyanda za Natal, Afrika Kusini, yalionyesha nyasi hii ikipotea kwenye viwanja vilivyoachwa bila kuchomwa wala kukatwa. Kuliwa mfululizo bila kupumzika nako huiangamiza: kila chipukizi linakula akiba ya mizizi, na likikatwa kabla halijailipa akiba hiyo, fungu hupungua mwaka hadi mwaka mpaka nafasi yake inachukuliwa na nyasi zisizopendwa na mifugo.

Nyasi fupi za tambarare ya kusini-mashariki ya Serengeti, zikiwemo jamii za Sporobolus na Digitaria, zinaishi kwa utaratibu mwingine. Udongo wao ni wa majivu ya volkano, una tabaka gumu chini, na moto ni nadra kwa sababu hakuna majani marefu ya kuungua. Adui wao ni meno. Mwanaikolojia Samuel McNaughton alichukua mimea kutoka maeneo yanayoliwa sana akaiotesha mahali isipoliwa, na mingi ilibaki mifupi na ya kulala chini: ufupi umekwisha kuwa tabia ya kurithi. Katika utafiti wake mashuhuri uliochapishwa mwaka 1976 alionyesha kwamba kundi la nyumbu wanaohama liliondoa zaidi ya asilimia 80 ya majani mabichi kwa siku chache, lakini wiki kadhaa baadaye mahali pale palikuwa na machipukizi mapya yaliyovutia swala tomi, wakati majani yasiyoguswa yalikuwa yakikauka. Matokeo hayo yalizua mjadala mrefu miongoni mwa wataalamu kuhusu kama nyasi hunufaika kwa kuliwa. Linalokubalika ni kwamba malisho ya wastani yenye kipindi cha kupumzika yanaweza kuongeza uzalishaji, na malisho yasiyo na pumziko hayaongezi kitu.

Miti na mizizi

Mti mchanga wa savana hukaa ndani ya mtego wa moto. Kila kiangazi shina lake huungua, kila masika huchipua, na hauwezi kujinasua mpaka kilele chake kipite urefu wa ndimi za moto, kwa kawaida mita mbili au tatu. Mninga (Pterocarpus angolensis) ni mfano bora kuliko yote. Mche wake hufa juu ya ardhi kila mwaka kwa ukame au moto, na kwa miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, kazi yake kubwa ni kunenepesha mzizi. Kijiti cha sentimita 30 ambacho mpita njia anakidharau huenda kikawa na umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi. Akiba ikitosha, mzizi hutoa shina moja lenye nguvu linalokimbia juu haraka. Mpingo nao hupitia hali ya kufanana na hiyo, na hutoa machipukizi kutoka kwenye mizizi iliyotandaa mbali na shina mama.

Miti mikuu ya miombo, Brachystegia na Julbernardia, huchipua vizuri kwenye visiki na mizizi. Eneo lililokatwa kwa mkaa huweza kurudi kuwa msitu pasipo mtu kupanda mche hata mmoja, mradi visiki havijang'olewa na moto mkali haurudii kila mwaka. Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea Frank White aliandika kuhusu misitu iliyo chini ya ardhi, yaani mimea ya Zambia, Angola na Kongo yenye miili mikubwa ya miti ardhini huku juu vikionekana vijiti vifupi tu. Mmoja wao, Parinari capensis, ni ndugu wa mbura, ambao ni mti mrefu kabisa.

Migunga mingi huchipua ikiungua, ukiwemo ule wenye vinundu vinavyokaliwa na sisimizi (Acacia drepanolobium). Miti mikubwa iliyobanduliwa magome na tembo huungua kwa urahisi zaidi.

Mbegu

Mbegu ya Themeda ina unywele mrefu unaojinyonga na kujinyongoa kadiri unyevu unavyobadilika, na kwa mwendo huo hujichimbia udongoni, nje ya joto la moto. Moshi huamsha mbegu za mimea mingi ya savana. Mojawapo ya kemikali zinazohusika ilitambuliwa mwaka 2004.

Serengeti na sotoka

Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha na kuwaacha wafugaji wakifa njaa. Baada ya chanjo ya mifugo katikati ya karne ya 20, ugonjwa ulitoweka Serengeti miaka ya 1960. Nyumbu, waliokadiriwa kuwa 250,000 hivi mwanzoni mwa muongo huo, walifika takriban 1,300,000 mwaka 1977. Walikula majani ambayo zamani yaliachwa yakauke na kuungua. Moto ukapungua, na miche ya migunga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata nafasi ya kurefuka. Hivyo chanjo ya ng'ombe ilichangia kurudisha miti ndani ya hifadhi.

Wakati wa kuchoma

Ushahidi bora kuhusu wakati unaofaa kuchoma unatoka Ndola, Zambia, ambako Colin Trapnell alianzisha majaribio ya moto katika miombo mwaka 1933. Viwanja vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti na kugeuka nyasi ndefu. Vilivyochomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, vilibaki na msitu. Vilivyokingwa kabisa vilizidi kusongamana. Huko Shinyanga, idara ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton iliutumia moto wa mwisho wa kiangazi kwa makusudi ili kuua vichaka wanamokaa mbung'o, lakini vichaka vilichipua, na kazi ikalazimika kurudiwa. Siku hizi hifadhi za Tanzania huchoma mapema.

Ngitili na kisiki hai

Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua na kuifungua kiangazi. Wamaasai wana alalili, malisho yanayotengwa hasa kwa ndama. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioendeshwa kuanzia 1986 hadi 2004, uliirudisha ngitili katika mamia ya vijiji, na mamia ya maelfu ya hekta yakafunikwa tena na miti na nyasi. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa, kwani ilitoka kwenye mizizi iliyokuwa imekaa miongo mizima ikikatwa, ikiliwa na kuchomwa. Ni moja ya kazi nzuri zaidi za urejeshaji ardhi kufanyika barani Afrika.

Dodoma, njia ya kisiki hai hufuata msingi huohuo. Mkulima hutafuta kisiki kinachochipua shambani, huchagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye afya, hukata mengine, kisha huyapunguzia matawi ya chini na kuyalinda dhidi ya mbuzi. Mahali visiki vilipong'olewa kwa trekta au kuchimbuliwa kwa ajili ya mkaa, njia hii haifanyi kazi, na huko hubaki kupanda miche.