UZI: Mbolea, bakteria na maabara ambayo Jumuiya iliacha nyuma

Kila mvua ikikaribia mjadala ni ule ule. Huyu anaahidi gunia la mbolea kwa bei nafuu, yule anasema atashusha zaidi, na sisi huku mtandaoni tunachukua pande. 2024 ilipojulikana kwamba kuna wakulima waliouziwa magunia ya mbolea ambayo haikuwa mbolea, tulipiga kelele wiki kadhaa kisha tukarudi kwa bei.

Sasa kuna hoja moja hujitokeza kila mara katika midahalo hii: ati utafiti ni anasa, nchi maskini inunue teknolojia iliyo tayari. Naipinga, na sipingi kwa hisia. Napinga kwa historia.

Tuanze Muguga, hapo Kiambu. Mwaka 1948 ilianzishwa taasisi moja ya utafiti wa kilimo na misitu kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, EAAFRO. Ilirithi kazi ya kituo cha Amani kule milima ya Usambara, ambacho Wajerumani walikifungua 1902. Ndiyo, ulikuwa mradi wa mkoloni na ulitumikia mipango ya mkoloni. Lakini wazo la maabara moja kwa eneo zima lilikuwa na akili, kwa sababu udongo haujui mpaka wa Namanga.

Hapo Muguga kulikuwa na mtafiti anaitwa H. F. Birch. 1958 alichapisha kitu ambacho wanasayansi wa udongo duniani kote bado wanakiita kwa jina lake. Aligundua kwamba udongo uliokauka sana ukinyeshewa, bakteria na kuvu waliomo wanaamka kwa kishindo, wanavunja mabaki ya mimea, na nitrojeni nyingi inaachiliwa kwa muda mfupi. Yaani mvua ya kwanza inakuja na mbolea ya bure. Ukichelewa kupanda, mvua zinazofuata zinaisomba na kuizamisha chini, mbali na mizizi ya mahindi yako. Wale wazee wa Ukambani wanaopanda kwenye vumbi kabla mvua haijafika, kwani unadhani wanabahatisha?

Halafu ikaja 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Tukizungumzia mwaka huo huwa tunalilia reli na ndege. Maabara hakuna anayezililia. Muguga ikabaki ya Kenya, na 1979 sheria ikaunda KARI, ambayo leo ni KALRO. Kila nchi ikaanza kujenga yake, na bajeti yake ndogo.

Cha ajabu, mwaka huo huo wa 1977, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete kikapata kituo cha vijidudu vya udongo, MIRCEN, kwa msaada wa UNESCO na UNEP. Kazi yake ilikuwa kuhudumia eneo zima: kuhifadhi bakteria, kufundisha watafiti, kutengeneza bidhaa. Kwa hivyo siasa zetu zilipobomoa ushirikiano, wafadhili ndio walioufufua, kwa mlango wa nyuma. Hiyo inafaa ituume kidogo.

Bidhaa ya Kabete ni Biofix, iliyoanza kutengenezwa 1981. Ndani kuna raizobia, bakteria wanaoingia kwenye mizizi ya maharagwe, soya na jamii yote ya kunde, wakajenga vinundu na kuvuta nitrojeni kutoka hewani kulisha mmea. Walibebwa ndani ya tope linalobaki viwandani sukari ikitengenezwa, takataka ya Nyanza na Magharibi ikageuka mali. Unapaka mbegu, unapanda. Lakini ilibaki kitu cha chuo kwa zaidi ya miaka 25, hadi kampuni ya mbolea ya Nakuru ilipopewa leseni ya kuitengeneza kibiashara.

Mbona ilichukua muda hivyo? Sababu moja ni kwamba ni kitu hai. Gunia la mbolea ya viwandani unaweza kuliweka stoo mwaka mzima. Pakiti ya bakteria ikianikwa kwenye rafu yenye jua, umeuza tope. Sababu ya pili ni ya kisiasa, na hapa nasema maoni yangu: pakiti ndogo ya gramu mia haipendezi jukwaani. Hakuna mtu anapigwa picha akiikabidhi. Lori la magunia, aah, hiyo ni picha.

Nao wanaosema tununue tu nje wana hoja kiasi. Kwa soya, bakteria anayetumika sana, USDA 110, ni wa Marekani na anafanya kazi vizuri. Sawa. Ila si kila kitu kinanunulika.

Kumbukeni 2004, Makueni na Kitui. Mahindi yenye aflatoksini yaliwagonjesha watu 317, na 125 wakafa. Dawa iliyokuja baadaye ya kukinga shambani, Aflasafe, inatumia kuvu wasiotoa sumu kuwafukuza wale wanaotoa. Na ile ya Kenya, iliyosajiliwa 2015, imetengenezwa na kuvu wanne waliopatikana humu humu nchini. Teknolojia ya msingi ilitoka Marekani, lakini kuvu ilibidi watafutwe kwenye udongo wetu, wapimwe mmoja mmoja, miaka kadhaa. Hapo huwezi kuagiza kwa meli.

Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti kila mwaka. Hatujawahi kufika hapo, chini ya serikali yoyote, kwa hivyo msianze kurushiana matope kwenye majibu. Muulizeni anayekuja kuomba kura ana mpango gani na hiyo asilimia 2, na kama anajua Kabete kuna nini.

Na mwenye amewahi kupaka Biofix kwenye soya ama maharagwe, hebu andika hapa chini: mavuno yalikuwaje, na duka lilikuwa limeiweka wapi, kwenye baridi ama juani?