Jina Pembeni mwa Bamba

Jambo la kwanza alilonifundisha baba yangu ni kuandika kinyume. Alikuwa sonara wa Mji Mkongwe, Unguja, na kabla hajaniruhusu kugusa fedha alinipa kipande cha shaba na tindo nyembamba, akaniagiza nichonge jina langu kuanzia herufi ya mwisho, kila herufi ikiwa imegeuka, ili muhuri ukigongwa kwenye karatasi jina lisomeke sawasawa. Nilihangaika na shaba ile wiki mbili nzima. Leo ni zaidi ya miaka 30 nachonga mihuri na kutia nakshi bangili, na kila nionapo picha iliyochapwa kwa bamba la shaba, jicho huigeuza lenyewe na kuanza kuifuata njia ya mkono: hapa aliteleza, hapa tindo ilikuwa butu, hapa alichoka.

Dukani mwake, juu ya mizani, palibandikwa picha ya Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sultani Sayyid Said, aliyefika New York mwaka 1840 na merikebu ya Sultana, ndani yake mna karafuu, pembe za ndovu, kahawa na tende. Wazee waliokuja kutengeneza mikufu walimjua mjumbe yule na safari yake. Nikiwauliza ni nani aliyemchora, wananyamaza. Miaka mingi baadaye ndipo nilipopata jibu: ni Edward Mooney, mchoraji wa New York. Jina hilo moja ndilo lililonivuta nianze kuwasoma wachoraji na wachonga mabamba wa Marekani, nikirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, mpaka nikafika Boston ya kabla ya uhuru wao. Pwani ile ya Massachusetts si ngeni kwetu. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa jirani, ndio waliotuletea kitambaa cha merikani. Lakini Boston nilikuta watu niliowafahamu kwa namna nyingine. Nilikuta mafundi.

Ipo picha katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston ambayo naweza kuitazama saa nzima kitabuni. John Singleton Copley aliichora mwaka 1768, na aliyechorwa ni Paul Revere, sonara. Watu humkumbuka Revere kwa ule usiku wa mwaka 1775 alipopanda farasi kupeleka habari kwamba askari wa Mwingereza wanakuja. Mimi namtazama mikono. Hakuvaa koti, yuko na shati jeupe na kizibao kisichofungwa. Mkono mmoja umeshika kidevu, wa pili umeshika birika la fedha lililokwisha kung'arishwa lakini halijatiwa nakshi hata mstari mmoja. Mbele yake mezani ziko tindo zake. Fundi yeyote anaijua dakika hiyo. Chombo kimefuliwa, kimesuguliwa, kinang'aa, na wewe unatafuta pa kuanzia, kwa kuwa mkwaruzo wa kwanza haufutiki.

Copley aliijua dakika hiyo tangu utotoni. Mama yake, Mary, aliuza tumbaku karibu na gati la Boston. Mwaka 1748 aliolewa na Peter Pelham, mchonga mabamba aliyetoka London, ambaye miaka 20 nyuma alikuwa amechapa sura ya mchungaji Cotton Mather kwa mtindo wa mezotinti, na hakuna aliyewahi kuufanya Marekani kabla yake. Katika mtindo huo bamba zima hukwaruzwa kwa chombo chenye meno mengi, mpaka likipakwa wino na kuchapwa litoe weusi mtupu. Kisha fundi hukaa na kukwangua taratibu: paji la uso, ncha ya pua, ukosi wa shati. Kila panapolainika wino haushiki, na hapo ndipo nuru inapotoka. Ni kazi ya kutoka gizani kwenda mwangani. Pamoja na ufundi huo wote, Pelham hakuweza kula kwa mabamba peke yake. Alifundisha kucheza dansi, kuandika na kushona, na mkewe akaendelea na tumbaku. Alikufa mwaka 1751, Copley akiwa na miaka 13, na kijana akabaki na vyombo vya kazi na mdogo wake wa mama mmoja, Henry.

Copley akaja kuwa mchoraji wa sura mkubwa kuliko wote katika makoloni yale. Hata hivyo barua zake zimejaa manung'uniko. Alilalamika kwamba watu wa Boston wanaihesabu kazi ya kuchora kama kazi nyingine yoyote ya manufaa, sawa na useremala, ushonaji au utengenezaji wa viatu. Hapo mimi sikubaliani naye. Seremala anayejua mbao zake hana cha kuonewa haya, na Revere wake mwenyewe, bila koti, na birika mkononi, ni shahidi. Mwaka 1774 Copley alipanda meli kwenda Ulaya, na hakurudi tena mpaka alipofia London mwaka 1815.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha huyo mdogo wake.

Usiku wa tarehe 5 Machi 1770 askari wa Kiingereza waliwapiga risasi watu waliokusanyika King Street, Boston. Waliokufa ni watano, mmoja wao Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa asili wa Marekani. Henry Pelham, kijana wa miaka 21, alilichora tukio lile akaanza kulichonga kwenye shaba. Mchoro ukafika mikononi mwa Revere. Kabla Pelham hajatoa nakala zake, za Revere zilikuwa zimetangazwa gazetini na zinauzwa, na chini yake pamechongwa wazi kwamba aliyechonga, aliyechapa na anayeuza ni Paul Revere. Tarehe 29 Machi Pelham alimwandikia barua. Alimwambia kwamba alimwonyesha mchoro ule kwa kumwamini, na kwamba amepokonywa jasho lake sawasawa na msafiri aliyevamiwa njiani na wanyang'anyi.

Naijua barua hiyo kwa sababu nimewahi kuitunga kichwani, maneno yangu mwenyewe, na sikuipeleka. Mteja mmoja alinitaka nimchoree nembo ya muhuri: jahazi limetweka tanga, na chini yake shada la karafuu. Nilichora usiku kwa siku tatu. Akaomba aondoke na mfano akautazame kwake. Baada ya wiki nikauona muhuri wangu kwenye stakabadhi, umechongwa na mkono mwingine, na tanga limepinda palepale nilipolipinda mimi. Aliyechonga hakujua hata kwa nini limepinda. Nililipinda kwa sababu ule ni upepo wa kusi.

Ndivyo ilivyo kwa picha ya Revere. Inafanya kazi yake ya siasa kwa nguvu kubwa: askari wamesimama mstari mmoja, moshi umetanda, ofisa nyuma yao ameinua upanga, na juu ya nyumba ya forodha pameandikwa kibao cha Ukumbi wa Mchinjaji, ambacho hakikuwako. Mbele amesimama mbwa mdogo, ametulia kabisa huku bunduki zinalia. Tukio lilikuwa la usiku, na mwezi mwembamba umechongwa kwenye kona ya juu, lakini katika nakala nyingi zilizopakwa rangi mbingu ni ya buluu kama ya asubuhi. Chache kati ya nakala hizo zimebeba pia jina la aliyepaka rangi, Christian Remick. Jina la Attucks limo kati ya waliouawa, limechongwa chini ya picha. Uso wake humwoni. Nyuso zote zimefanana.

Wapo watakaomtetea Revere kwamba siku hizo kunakili ilikuwa desturi, na ni kweli: wachonga mabamba wa makoloni walinakili picha za London bila kuomba ruhusa kwa mtu. Sheria ya Marekani ya kulinda picha za kuchapwa ilikuja mwaka 1802. Lakini Pelham hakuwa London. Alikuwa mji uleule, na Revere alimjua. Kosa ni kosa, hata pale sheria inapochelewa kulipa jina.

Shaba ilikuwa adimu, na fundi hakuitupa. Revere alikuwa na bamba la picha ya majengo ya chuo cha Harvard, alilolichonga mwaka 1767. Mwaka 1775 vita vilipoanza na Massachusetts ikahitaji noti za kuwalipa askari, alilikata bamba lile, akaligeuza, akachonga noti upande wa nyuma. Baba yangu naye alikuwa akiyeyusha bangili iliyokatika kutengeneza pete, kwa hiyo nilipoisoma habari hiyo sikustaajabu; nilifurahi tu.

Mwaka huohuo wa 1802, sheria ya picha za kuchapwa ilipokuja, mchoraji Gilbert Stuart alikwenda mahakamani Philadelphia. Sura ya George Washington aliyoichora mwaka 1796 hakuimaliza makusudi, akabaki nayo, akawa ananakili kutoka kwayo na kuuza kila nakala dola 100. Nahodha mmoja alinunua moja, akaipeleka Canton, China, na huko mafundi wakamtolea nakala 100 zilizochorwa nyuma ya vioo. Mahakama ilimzuia kuziuza. Stuart alikufa maskini mwaka 1828 na kuzikwa Boston bila jina juu ya kaburi, ingawa picha ile ndiyo asili ya sura iliyoko leo kwenye noti ya dola moja.

Hao angalau waliweza kuandika barua na kufungua kesi. Wengine hawakuwa na hata haki ya jina lao.

Prince Demah alikuwa mtumwa katika nyumba ya Henry na Christian Barnes, Massachusetts. Bibi wa nyumba, huyo Christian, aliona kipaji cha Prince, naye Prince akapelekwa London kujifunza kwa mchoraji Robert Edge Pine. Mwaka 1773 alimchora mfanyabiashara William Duguid, na nyuma ya turubai akaandika jina lake pamoja na la wenyewe: Prince Demah Barnes. Vita vilipokuja, akina Barnes, waliokuwa upande wa Mfalme, walikimbia. Mwaka 1777 akaandikishwa askari upande wa Wamarekani, na mwaka uliofuata, karibu na kufa, akaandika wosia wa kumwachia mali yake mama yake, Daphney. Humo ni Prince Demah, mtu huru, mchora sura. Lile la Barnes hakulitumia tena. Zimebaki picha tatu za mkono wake.

Philadelphia, Charles Willson Peale, mchoraji mwenye makumbusho yake, alikuwa mtu wa bidii. Alianza kama mtengeneza matandiko ya farasi, na somo lake la kwanza la kuchora alililipia kwa tandiko moja. Wanawe aliwapa majina ya wachoraji wakubwa, Raphaelle, Rembrandt, Rubens, Titian, na akawafundisha rangi za mafuta. Katika nyumba hiyohiyo alikua Moses Williams, mtoto wa watumwa wake Scarborough na Lucy. Yeye hakufundishwa rangi. Alipewa mashine ya makumbusho ya Peale, yenye ufito wa shaba unaopitishwa usoni, na mkono wa upande wa pili unaandika mstari huohuo kwa udogo kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili. Mgeni hupata nakala nne. Kazi ya Moses ilikuwa kuufuata mstari kwa mkasi na kuitoa sehemu ya katikati, kisha karatasi yenye tundu inawekwa juu ya kitu cheusi, na uso unatokea.

Mashine ilitoa mstari tu. Kope, kishungi cha nywele kisogoni, mkunjo mdogo chini ya mdomo, hayo ni ya mkasi, na anayetumia vyombo vya ncha kali atakubali kwamba pale ndipo ufundi ulipo. Kwa maelezo ya Peale mwenyewe, mwaka 1803 Moses alikata zaidi ya sura 8,000, kwa senti 8 kila kazi. Alikuwa amepata uhuru wake. Kwa senti hizo alinunua nyumba ya ghorofa akaoa. Muhuri uliogongwa kwenye karatasi zile ulitaja makumbusho ya Peale, na kwa karne nzima na zaidi waliozikusanya hawakumtaja yeye. Katika maktaba ya Library Company, Philadelphia, ipo moja yenye maandishi ya mkono yanayosema huyu ni Moses Williams, mkata sura.

Na Baltimore alikuwako Joshua Johnson, mwana wa mwanamke mtumwa na baba mzungu, aliyewekwa kwa mhunzi kujifunza kazi. Hati za mwaka 1782 zinaonyesha anapewa uhuru. Mwaka 1798 alitangaza gazetini kwamba amejifundisha mwenyewe kuchora na kwamba amepitia vizuizi vingi. Alizichora familia za manahodha na wafanyabiashara, watoto wameshika matunda, wanawake wameketi kwenye viti vilivyopigiliwa misumari ya shaba, misumari anayoihesabu moja moja kama aliyewahi kufua chuma. Picha zaidi ya 80 zinahesabiwa kuwa zake. Aliyoitia jina lake ni moja tu, sura ya Sarah Ogden Gustin.