Kazi ya moyo na kazi ya shurti
Neno juu ya historia ya vijana wetu wa masomo



Kila mara waseminari wetu wanapotumwa katika paroki wakati wa vakansi, wanarudi na ulizo moja: «Watoto wa kalasi ya saba na ya nane, tuwafanyie nini? Wadogo wanatii. Wakubwa wanajua wanachotaka. Lakini hawa wa miaka 12 hadi 14 wanatukimbia.» Makatekista wanauliza vilevile. Ulizo hilo si jipya. Wazee wetu walilijibu, wamisionari walilijibu, na Serikali nayo ililijibu kwa njia yake. Tutazame majibu hayo, moja baada ya lingine.

I. Wazee

Katika makabila mengi ya Kongo, mtoto wa kiume wa umri ule hakuachwa kuzurura. Walunda na Wachokwe walimpeleka katika mukanda. Warega walimpeleka katika bwali. Huko alitahiriwa, lakini kisu hakikuwa jambo lote. Alifundishwa nyimbo na ngoma, adabu, uvumilivu, na kazi pamoja na wenzake wa rika. Aliporudi kijijini, watu walimpokea kama mtu mwingine, na mara nyingi alikuwa na jina jipya.

Warega walikuwa pia na kamba iitwayo mutanga. Juu yake walitungika vitu vidogo vingi: ubawa wa ndege, mfupa, kipande cha kibuyu, jani kavu. Kila kitu kilikuwa na methali yake. Mzee alishika kitu kimoja, akasema methali, kijana akaishika moyoni. Hekima ya kabila zima ilining'inia pale, na mtoto aliweza kuigusa kwa mkono.

Tusidanganyane: si yote yalikuwa mema. Kulikuwa na mapigo na hofu kubwa, na watoto wengine hawakurudi kwa mama zao. Lakini wazee walifahamu jambo moja: mtoto wa umri ule anatafuta kundi, anatafuta kazi inayompa heshima, anatafuta mkubwa wa kumwonyesha njia.

II. Misioni na jembe la Bula Matari

Masomo ya misioni yalileta kusoma, kuhesabu na katekismu. Kwa hiyo tunawashukuru waliotutangulia. Lakini mtoto aliyekaa kalasini hakukaa tena barazani pamoja na babu yake. Akajifunza mito ya Ulaya, asijue methali za kwao.

Jambo lingine lilizidi kuharibu. Amri ya mwaka 1917 iliruhusu watu wa Serikali kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyotakiwa, hata siku 60 kwa mwaka. Mtoto alimwona baba yake akilima pamba kwa hofu ya kifungo. Hapo zamani watu walilimiana kwa zamu, wakiimba. Sasa kufanya kazi pamoja kulikuwa na sura ya polisi. Neno «kazi» likawa chungu kinywani. Anayeshangaa kwamba vijana wetu hawapendi kuitwa kufagia soko, akumbuke kwamba uchungu huo ni wa zamani.

III. Bukavu, 1952

Mwaka 1952, katika mji wa Bukavu, Padri Georges Defour wa shirika la Wapadri Weupe alianzisha chama cha vijana kiitwacho Xaveri. Mwaka ule ilitimia miaka 400 tangu kifo cha Mtakatifu Fransisko Xaveri, naye ndiye aliyekipa chama jina. Na jina lilifaa. Katika Goa mtakatifu huyo alipita njiani akipiga kengele ili kuwakusanya watoto. Na katika pwani ya kusini ya Uhindi, alipoitwa kwa wagonjwa wengi mno, aliwatuma watoto waende kusali kwao mahali pake. Hakungoja wawe wakubwa ili awape kazi.

Ndivyo Xaveri walivyofanya. Kijana aliimba na kucheza ngoma, alikwenda kambini, aliwatembelea wazee na wagonjwa, aliteka maji kwa mjane. Hakuna aliyemshurutisha, aliona heshima kuitwa. Chama kikavuka mipaka, kikaingia Burundi na Rwanda, na nchi nyingine za Afrika.

Tuone jambo moja ambalo wengi hawalitaji. Padri Defour huyo huyo ndiye aliyeandika kitabu juu ya mutanga wa Warega. Yule aliyewatuma vijana kutumikia, yeye mwenyewe alikaa chini ili afundishwe na wazee wao. Utumishi na hekima ya kwetu havikuwa kwake njia mbili. Naamini ndiyo sababu moja iliyofanya kazi yake idumu.

IV. Mwaka 1972

Kisha ikaja siasa ya «kurudia uhalisi». Serikali ya Mobutu ilisema inataka vijana wapende desturi za mababu. Neno lenyewe zuri! Lakini mwaka 1972 vyama vya vijana vya Eklezya vilikatazwa, na vijana wote wakahesabiwa katika JMPR, yaani vijana wa Chama cha Dola. Ilidaiwa JMPR iingie hata katika seminari. Maaskofu walipinga, Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa.

Wanafunzi walicheza ngoma, ndiyo, lakini walicheza mbele ya wakubwa wa Chama ili kumsifu mtu mmoja. Walifanya kazi pamoja, ndiyo, lakini hiyo ilikuwa salongo, na aliyekosa aliogopa adhabu. Jembe lilikuwa lile lile, ngoma ilikuwa ile ile, lakini moyo haukuwamo. Mwaka 1990 Chama kimoja kilipokoma, nguvu ya JMPR ilikwisha pamoja nacho. Lakini Xaveri, waliokuwa wamekatazwa, wapo hata leo. Na katika Kinshasa, katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Padri Matondo, aliyepata kuwa askofu, alianzisha Bilenge ya Mwinda, maana yake vijana wa mwanga. Alichukua mfano wa jando la zamani, akalijaza Injili.

V. Sisi je?

Nitaungama kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa padri mpya niliwaamuru wanafunzi wa masomo fulani wasafishe njia siku ya posho, nikaandika majina ya waliokosa. Siku ya kwanza walikuja wengi. Siku ya pili walikuja wachache, na siku ya tatu nilifagia mimi na katekista. Mzee mmoja aliyepita akaniambia: «Padri, umefanya salongo.» Sikuwa na jibu. Baadaye tuliwatuma wawili wawili kwa wazee wa kijiji, kila kundi limsaidie mzee mmoja shambani na kurudi na methali moja. Wazee walicheka, watoto walirudi, na njia ikafagiliwa pasipo amri, kwa sababu mabibi wale walipita pale.

Jambo hili si mchezo. Katika Kivu yetu vita imerudi mara nyingi tangu mwaka 1996. Wenye bunduki nao wanajua kwamba mtoto wa miaka 13 anatafuta kundi, wimbo na jina. Tusipomwita sisi, wao watamwita.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, umefundisha kwamba vijana wenyewe ndio mitume wa kwanza wa vijana wenzao. Na tarehe 2 mwezi wa pili 2023, katika uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, Baba Mtakatifu Fransisko aliwafundisha vijana kwa vidole vya mkono: sala, ushirika, uaminifu, msamaha, na kidole kidogo, utumishi. Sikuweza kusikia maneno hayo pasipo kuikumbuka mutanga: fundisho linaloshikwa kwa mkono haliponyoki upesi.

Basi, ndugu mseminari, ndugu katekista, unapotumwa kwa watoto hawa, usianze na orodha ya majina. Anza kwa kumtafuta mzee mmoja anayejua, na mjane mmoja asiye na wa kumtekea maji. Waweke watoto kati ya hao wawili. Wewe mwenyewe uende ukiwatangulia, na ndoo yako kichwani.