Shaba iliyofunza pete kufumana

Shuleni tunafundishwa kwamba atomu hushikamana kwa kuchangia elektroni au kupeana. Ipo njia nyingine ya kufanya vitu viwili visiachane: kimoja kipite ndani ya kingine, kama pete za mnyororo. Pete hizo hazina gundi wala msumari, lakini hazitengani mpaka mojawapo ikatwe. Wanakemia walihangaika kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuweza kuunda molekuli za namna hiyo bila kutegemea bahati wala safari ndefu ya hatua nyingi.

Wa kwanza kutangaza mafanikio alikuwa Edel Wasserman wa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1960. Alichanganya pete zenye atomu 34 za kaboni na molekuli ndefu, kisha akazifanya hizo ndefu zijifunge ncha kwa ncha, akitumaini kwamba chache zitakuwa zimepenya pete kabla ya kufunga. Pete za mwanzo alizitia alama kwa haidrojeni nzito. Alipozikata pete mpya kwa kemikali, zile zenye alama zikaachiliwa, na huo ukawa ushahidi kwamba zilikuwa zimefumana. Molekuli hizo ziliitwa katenani, na alizopata hazikufika hata 1%.

Mwaka 1964 Wajerumani Gottfried Schill na Arthur Lüttringhaus walijenga katenani kwa mpango, ila kwa safari ndefu ya hatua nyingi. Mwaka 1967 Ian na Shuyen Harrison waliunda rotaksani, yaani pete iliyovishwa kwenye mhimili wenye vizuizi vikubwa kwenye ncha zake. Walirudia zoezi hilo mara 70, wakapata 6% tu. Mwaka huohuo, Bruce Hudson na Jerome Vinograd walionyesha kwamba ndani ya mitokondria za seli za binadamu zimo pete za DNA zilizofumana. Kumbe maumbile yalikuwa na ufundi ambao maabara zilikuwa zikiubahatisha.

Mlango ulifunguka Strasbourg, Ufaransa. Jean-Pierre Sauvage alikuwa akichunguza kampaundi za metali zinazoweza kunasa nguvu ya jua. Katika mojawapo, aliona ioni ya shaba imeshika molekuli mbili zikiwa zimepishana katikati. Mwaka 1983, yeye na Christiane Dietrich-Buchecker, pamoja na wenzao, waliitumia shaba hiyo kama kiongozi. Iliivuta molekuli yenye umbo la hilali ikaingia ndani ya pete. Kipande kingine kikaungwa nayo kukamilisha pete ya pili. Kisha shaba ikaondolewa. Mavuno yaliruka hadi 42%. Mwaka 1989, wawili hao walifunga molekuli nzima fundo.

Tangu hapo swali halikuwa tena kama pete zitafumana, bali zitafanya kazi gani. Mwaka 1991, Fraser Stoddart, mtoto wa shamba la Uskoti lisilokuwa na umeme, alionyesha pete inayokwenda na kurudi kwenye mhimili wake. Mwaka 2004 kundi lake liliunda lifti ya molekuli inayopanda nanomita 0.7. Mholanzi Ben Feringa, kwa njia tofauti isiyotumia pete, alikuwa ameunda mwaka 1999 mota ya molekuli inayozungushwa na mwanga kuelekea upande mmoja.

Mwaka 2016, Sauvage, Stoddart na Feringa walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Waliistahili. Lakini anayeisimulia historia hii kwa haki hana budi kuwataja pia Wasserman, akina Harrison na Dietrich-Buchecker, kwa sababu kila mmoja alipunguza sehemu ya bahati na kuongeza sehemu ya maarifa. Na wanaopanga bajeti za utafiti wakumbuke kwamba ufunguo wa mashine hizi ulipatikana katika maabara iliyokuwa ikichunguza mwanga wa jua. Utafiti wa msingi unahitaji kupewa muda, hata pale ambapo faida yake bado haijaonekana.