Matuta ya Matombo na Msimbo wa Morogoro

Tukisikia Morogoro, wengi wetu tunakumbuka mkonge, reli na kifo cha Sokoine mwaka 1984. Lakini pale chini ya milima ya Uluguru, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), imezaliwa programu huria ambayo sisi wapenzi wa historia tunaipita tu. Inaitwa AfyaData.

Mizizi yake iko Seattle, Marekani. Mwaka 2008 watu wa Chuo Kikuu cha Washington walianza Open Data Kit, ODK, programu ya kukusanya taarifa kwa simu badala ya dodoso za karatasi. Msimbo wake wakauacha wazi: yeyote auchukue, aubadili, autumie, bila kupiga hodi. Mwishoni mwa 2014 wataalamu wa afya, mifugo na kompyuta wakakutana Arusha kwenye kambi ya EpiHack. Baada ya hapo waandishi wa programu wa Kitanzania, wakiwa na SACIDS, kituo cha kufuatilia magonjwa ya kuambukiza chenye makao SUA, wakaushika msimbo wa ODK na kuanza kuufumua.

Waliongeza nini? Hapa ndipo penye utamu. ODK ilijua kupeleka juu. Mtu wa kijijini anajaza fomu, anabonyeza, taarifa inakwenda, halafu kimya. Ng'ombe watatu wamekufa, umeshasema, sasa? AfyaData ikafungua njia ya kurudi: dalili zinalinganishwa na hazina ya maarifa kuhusu magonjwa ya watu na ya wanyama kwa pamoja (Afya Moja, kama wanavyoiita), na aliyetuma anapata ujumbe wa ugonjwa unaodhaniwa na hatua ya kuchukua. Ngorongoro, kwa wafugaji, ni mojawapo ya sehemu ilikojaribiwa.

Utaniambia hayo ni mambo ya kiufundi tu. Sidhani, maana milima hiyohiyo inakumbuka mradi uliokosa njia ya kurudi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa na msingi, tuseme ukweli. Ila wakulima waliona matuta yanafukua udongo wa chini usio na rutuba, na jasho linazidi mavuno. Walisema. Nani alijibu? Mwaka 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mradi ukaachwa.

Mwaka 2017 AfyaData ilielezwa kwenye jarida la kitaalamu kama programu huria, yaani waliouchukua msimbo wa wenzao nao hawakufunga mlango. Mimi inanikumbusha wanakili wa tenzi za Pate na Lamu: unanakili, unarekebisha, unaongeza beti, na kazi inaendelea kuitwa kwa jina lake. Tofauti ni kwamba wanakili wengi wa tenzi hatuwajui, wakati miradi ya msimbo huria kwa kawaida hutunza daftari la mabadiliko: nani aligusa mstari upi, lini, na kwa sababu gani. Anayeandika historia ya Matombo leo angefurahi sana kupata daftari la namna hiyo la mwaka 1955, lenye maneno ya mkulima mwenyewe na si ya bwana shauri peke yake.